Hati Mbili, Alama Moja

Wasemao husema nchi ya Shwarini haimo kwenye ramani kwa sababu ramani ilipopelekwa kupigwa alama, foleni ilikuwa ndefu. Huenda ni kweli. Katika nchi ile hakuna kitu kilichohesabika kuwa kipo mpaka kipigwe alama: cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba, hukumu ya mahakama, hata ratiba ya maji ya bomba, ambayo ilikuwa na alama safi kabisa ingawa maji yenyewe hayakuwahi kuisoma.

Alama zote zilitoka kwenye Kinu. Kinu kilikuwa kompyuta kubwa, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, iliyokaa peke yake kwenye chumba chenye kiyoyozi, ghorofa ya pili ya Wizara ya Uthabiti na Mambo Yasiyobadilika. Ukikitia hati yoyote, ya mstari mmoja au ya kurasa mia tisa, kiliisaga na kutoa unga wake: herufi na tarakimu thelathini na mbili, hazipungui wala hazizidi. Ukibadili nukta moja tu kwenye hati, unga wote ulibadilika. Na kama ambavyo hakuna awezaye kuushika unga akaurudisha kwenye gunzi, hakuna aliyeweza kuitazama alama akaijua hati. Kwa hiyo Waziri alipotia sahihi hakuitia kwenye hati. Aliitia kwenye alama, kwa kubandika dole gumba juu ya kioo. Hati huwa ndefu, alama fupi, na Waziri ni mtu wa shughuli.

Juu ya mlango wa chumba kile palichongwa ahadi kuu ya Kinu, kwa herufi za shaba: HATI MBILI HAZISHIRIKI ALAMA.

Aliyekitunza Kinu alikuwa Mashavu binti Kheri, Msajili Msaidizi Daraja la Tatu, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja ambaye, licha ya jina lake, alikuwa na uso mwembamba kama bahasha. Kazi yake ilikuwa kuchomeka flashi ya mwananchi, kungoja Kinu kisage, kisha kutazama taa. Taa ya kijani ilisema hati hii ndiyo ile ile iliyosajiliwa. Taa nyekundu ilisema imechezewa. Kwa miaka kumi na tisa Mashavu alizitazama taa zile, na kila asubuhi alikipangusa Kinu kwa kipande cha kanga. Alikipenda kama watu wanavyompenda ng'ombe asiyepiga teke.

*

Jumanne moja alikuja mkandarasi aitwaye Tindo, shemeji wa Waziri, amevaa suruali iliyopigwa pasi hadi ikawa inakata. Akaweka flashi juu ya meza.

"Nathibitisha tu, dada. Hati ya Zahanati ya Kitopeni. Ilisajiliwa wiki tatu zilizopita."

Mashavu aliikumbuka vizuri. Siku ile walikuja kina mama saba wa kata ya Kitopeni, wakiongozwa na Mkunga Siwatu, mkuu wa zahanati. Walikuwa wanaridhia zahanati yao ipakwe rangi na paa lake litengenezwe, maana mvua ikinyesha wazazi walijifungua chini ya miavuli. Tena asingemsahau Siwatu kwa sababu nyingine: wakati Kinu kinasaga, mama yule alimwambia Mkurugenzi wa idara, mbele ya foleni nzima, kwamba miguu yake imevimba, apunguze chumvi.

Mashavu akachomeka flashi. Maneno yakatokea kwenye kioo: "Sisi wakazi wa Kitopeni, kwa moyo mkunjufu, tunaridhia zahanati yetu ibomolewe, na kiwanja chake kijengwe Jumba la Makumbusho ya Kinu."

Kinu kikasaga. Taa ikawaka kijani.

"Kaka," Mashavu akasema, "hii siyo hati waliyoileta wale kina mama."

"Taa inasemaje?"

"Kijani."

"Basi tusibishane na taa, dada yangu."

Tindo alipoondoka, Mashavu aliitoa hati ya kwanza kwenye hazina akaiweka kando ya ile mpya. Moja ilisema litengenezwe paa, nyingine ilisema ibomolewe nyumba. Akalinganisha alama zake kwa ncha ya kidole, herufi kwa herufi, hadi ya thelathini na mbili. Zilikuwa sawa. Akarudia kuanzia mwisho kuja mwanzo, labda upande huo zingetofautiana. Zilikuwa sawa. Kitu pekee alichokiona cha ajabu ni kwamba kila hati ilikuwa na mstari wa vurugu chini ya ukurasa wa mwisho, herufi na vistari visivyosomeka, kana kwamba kuku amepita juu ya kibodi. Hati ya kwanza, Tindo mwenyewe ndiye aliyewachapia kina mama wale, bure, kwa wema wake, na walipouliza kuhusu mstari ule aliwaambia ni nambari ya printa.

Mashavu akaketi. Aliketi kama mtu aliyesikia mumewe ana nyumba nyingine.

*

"Mkurugenzi," alimwambia Bwana Fakihi, mkuu wa idara, "Kinu kimetoa unga mmoja kwa mahindi mawili."

Bwana Fakihi alikuwa ameinua miguu juu ya kiti. "Haiwezekani."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Basi umeona kitu kisichowezekana. Hilo ni suala la macho, siyo la idara."

"Njoo uone na wewe."

"Mashavu, nina miaka mitano kabla ya kustaafu. Nikija kuona, nitakuwa nimeona."

Hata hivyo Bwana Fakihi hakuwa mtu mbaya. Akamtolea Fomu Namba 88, Fomu ya Kuripoti Jambo Lisilowezekana. Sehemu A ilimtaka mwombaji athibitishe kwamba jambo lenyewe haliwezekani. Sehemu B ilimtaka athibitishe kwamba limetokea. Sehemu A ikikubaliwa, Sehemu B hukataliwa yenyewe. Sehemu B ikikubaliwa, mwombaji ametumia fomu isiyo yake.

Mashavu alizijaza zote mbili kwa mwandiko mzuri, na fomu ikapanda ngazi hadi kwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Bwela Kidongwe. Mheshimiwa aliunda kamati ya watu kumi na saba, wakakaa siku nne kwenye hoteli ya ziwani wakila samaki na kutafakari. Siku ya tano wakatoka na Azimio la Uthabiti, lililosomwa redioni mara tatu:

"Kwa kuwa hati mbili haziwezi kushiriki alama, na kwa kuwa hati hizi zinashiriki alama, kwa hiyo hati hizi si mbili. Ni hati moja."

Azimio lilipiga pia marufuku neno "mgongano" katika ofisi zote za serikali. Askari wa barabarani walipata tabu kidogo mwanzoni, kisha wakazoea kuandika kwamba basi na lori vilikutana kwa ghafla.

*

Sheria ni msumeno, na msumeno wa Shwarini ulikuwa na meno pande mbili. Ikiwa hati ni moja, na inasema zahanati itengenezwe na tena ibomolewe, basi yote mawili yatekelezwe. Jumatatu asubuhi yakafika Kitopeni magari mawili. La kwanza lilileta mafundi rangi na mabati mapya. La pili lilileta watu wenye nyundo.

Mashavu alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku, akaenda na nakala za hati zote mbili kumwonya Mkunga Siwatu. Alikuta kazi imekwisha anza, tena kwa adabu kubwa. Fundi rangi alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa mashariki, na nyuma yake mtu wa nyundo anangoja zamu.

"Bado kidogo, mkubwa," alisema fundi rangi. "Nipake mara ya pili ikauke."

"Chukua muda wako," akajibu mwenye nyundo. "Mimi sibomoi ukuta wenye rangi mbichi. Inachafua nguo."

Ukuta ulipokauka, mweupe na wenye kupendeza, akaubomoa. Fundi rangi akahamia ukuta wa pili.

Mkunga Siwatu alitokea mlangoni, mikono imelowa hadi viwikoni. Alikuwa mama mnene wa miaka hamsini na kitu, na sauti yake ilikuwa imezoea kuwashinda watu wenye uchungu.

"Nani mkubwa wenu hapa?"

Wote wawili wakanyoosha mkono.

"Ndani nina mzazi. Zawena, mke wa Juma fundi baiskeli. Mtoto ametanguliza matako. Nataka saa tatu za utulivu."

"Mama, sisi tuna hati," alisema mwenye nyundo, na aliona haya kusema.

"Na mimi nina mtu anayetaka kufa!"

Lakini msimamizi kutoka wizarani alikuwa pale na saa mkononi, na kazi ikaendelea. Ukuta wa kaskazini ulipoanza kutikisika, wakambeba Zawena na godoro lake hadi uwanjani. Mvua nayo ikachagua saa hiyo. Mashavu akajikuta ameshika pembe moja ya turubai, mikono juu, pamoja na kina mama wengine watatu, na maji yanamwingia kwapani. Kwa saa mbili hakuishusha. Mbele yake, kwenye tope, Siwatu alikuwa amepiga magoti, akiongea na Zawena kwa sauti ndogo ambayo Mashavu hakujua kama anayo.

Mtoto alitoka akiwa wa buluu, kimya. Siwatu akamsugua mgongo, akamfuta pua, akampulizia. Kimya. Mwenye nyundo alikuwa ameacha kupiga. Amesimama tu, chokaa iliyolowa imemgeuza mzimu. Siwatu akapuliza tena. Mtoto akakohoa, kikohozi cha mzee mvuta kiko, halafu akalia, na kina mama wakapiga vigelegele mpaka turubai likawaponyoka.

Mashavu alilia pia, lakini kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha hakuna aliyejua.

"Leo tumebahatika," Siwatu akamwambia baadaye, akiosha mikono kwenye maji ya paa ambalo halikuwepo tena. "Bahati siyo dawa, mwanangu. Siwezi kuiandikia mtu ameze mara tatu kwa siku. Wewe ndiye wa taa, siyo?"

"Ndiye mimi."

"Basi nenda kaizime."

*

Mtu aliyekisimika Kinu miaka thelathini nyuma alikuwa bado hai. Aliitwa Fundi Shebe, na siku hizi alitengeneza feni na pasi kwenye kibanda nyuma ya stendi, maana wizara ilimwachisha kazi kwa kosa la kuandika barua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Feni au pasi?"

"Kinu."

Shebe akaweka bisibisi chini. Mashavu akamwonyesha hati mbili, naye hakutazama maneno. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mstari wa vurugu, akautazama kama mtu anayetazama picha ya mkwewe.

"Kumi na moja," akasema. "Niliandika barua kumi na moja. Niliwaambia: wataalamu wa ng'ambo wamekivunja kinu cha aina hii. Mwanzo walihitaji kompyuta za jengo zima. Baadaye ikatosha kompyuta ya kuchezea karata. Wenzetu wote wametupa vyao. Unajua nilijibiwaje? Kwamba barua zangu zimepokelewa, zimepigwa alama, na alama zake ni nzuri."

"Inawezekanaje, fundi? Hati mbili?"

"Sikiliza. Ukinipa hati ya mtu, iliyokwisha sagwa, uniambie nitengeneze pacha wake, sitaweza. Hilo hata leo ni gumu. Lakini ukiniacha nizipike hati zote mbili mwenyewe, jikoni mwangu, kabla hujasaga hata moja, hapo nina nafasi. Naandika maneno mazuri huku, maneno mabaya kule, halafu chini ya kila moja natia takataka kidogo. Nazigeuzageuza takataka, mara milioni, mara milioni ya milioni, mpaka unga ulingane. Kisha nakuletea ile nzuri utie sahihi." Akagonga mstari wa vurugu kwa ukucha. "Ndiyo maana mtu anayekuchapia hati bure ni wa kuogopwa."

Mashavu akazikunja zile hati mbili. Nje, kondakta alikuwa anaita abiria.

"Wiki ijayo Kinu kinatimiza miaka thelathini," akasema hatimaye. "Waziri atatia sahihi Hati ya Pongezi. Mchapaji wa hati hiyo ni mimi."

Fundi Shebe akainua macho. "Unaweza kufungwa, mwanangu."

"Najua."

"Unaogopa?"

"Sana."

"Vizuri. Asiyeogopa huandika vibaya," akasema Shebe, akavuta kitambaa kilichofunika kompyuta yake kuukuu.

Waliandika hati mbili. Ya kwanza ilikuwa ya pongezi, kurasa tatu, na Mashavu hakupata shida kuitunga kwa sababu kila sentensi yake alikwisha isikia redioni. Ya pili ilikuwa na aya moja. Kompyuta ilinguruma kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumapili adhuhuri, joto lake likakausha nguo za Shebe zilizoanikwa ukutani. Kisha ikanyamaza, na kwenye kioo zikakaa alama mbili, moja juu ya nyingine, zinafanana kama kope.

*

Sherehe ilifana. Bendi ya polisi ilipiga, Kinu kilivishwa shada la maua, na Mheshimiwa Kidongwe alihutubia kwa saa moja na dakika arobaini.

"Ndugu wananchi! Katika dunia hii inayobadilikabadilika kama kinyonga mwenye homa, Shwarini tuna nguzo! Wapo wanaosema Kinu ni kizee. Nawauliza: mlima ni kijana? Mama yako mzazi ni kijana? Kinu hakikosei, hakijawahi kukosea, na kikikosea, kosa hilo ni sahihi!"

Makofi yakarindima. Mashavu akampelekea kioo.

Mheshimiwa alitupia macho ukurasa wa mwisho. "Hii takataka hapa chini ni nini?"

"Nambari ya printa, Mheshimiwa."

"Ah." Akabandika dole gumba.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, Mkunga Siwatu alisimama kwenye foleni kama mwananchi yeyote, na flashi mkononi. Mashavu akaichomeka, na safari hii akasoma kwa sauti ili Bwana Fakihi na foleni nzima wasikie: "Mimi, Bwela Kidongwe, kwa hiari yangu, natoa nyumba yangu ya Kilimani itumike kuwa Zahanati ya Kitopeni, mpaka zahanati nyingine itakapojengwa palepale ilipobomolewa."

Taa ikawaka kijani.

Bwana Fakihi akashusha miguu polepole. "Mashavu. Hii siyo hati ya jana."

"Taa inasemaje, Mkurugenzi?"

Bwana Fakihi alitazama taa, akatazama herufi za shaba juu ya mlango, akafikiria miaka yake mitano. "Kijani," akasema kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa.

*

Saa nane mchana gari la mizigo likasimama mbele ya geti la Kilimani. Ndani yake kulikuwa na vitanda sita, mzani wa watoto, na kina mama wanne wenye matumbo. Mheshimiwa alikuwa sebuleni na simu sikioni, akiongea na Mwanasheria wa Wizara.

"Waambie hati ni ya uongo!"

"Naweza, Mheshimiwa," ilisema simu. "Lakini ikiwa ni ya uongo, Kinu kimedanganya. Kinu kikidanganya, hati ya makumbusho nayo haisimami. Wala matokeo ya jimbo lako, yaliyopigwa alama hapo hapo. Wala udaktari wako."

"Udaktari wangu pia?"

"Hasa udaktari, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akatoka hadi getini mwenyewe. "Mama, rudini! Hii ni nyumba ya kiongozi!"

"Tunajua, baba, ndiyo maana tumevua viatu," alisema Siwatu. "Huyu hapa njia imefunguka sentimita saba. Tuamue haraka."

Nyuma ya Mheshimiwa akatokea mkewe, Bi Kulwa, na funguo mkononi. Alimtazama yule mama aliyeinamia bodi ya gari, anauma upindo wa kanga yake.

"Kulwa, usithubutu," alisema Mheshimiwa.

"Bwela," akajibu Bi Kulwa, "watoto wako watano nani aliwatoa, kama si wakunga? Wewe ulikuwa kwenye semina." Akafungua geti.

Mtoto wa kwanza wa Kilimani alizaliwa saa kumi na robo, chini ya taa ya vioo mia mbili. Katika siku kumi na moja walizaliwa tisa. Mheshimiwa alikula chakula chake garini. Ofisi yake ya nyumbani ikawa chumba cha chanjo, na kwenye kiti chake cha ngozi wazee walikaa kupimwa presha. Alivumilia kwa ajili ya nguzo ya taifa. Siku ya kumi na mbili, mabalozi watatu walikuwa wamealikwa chakula cha mchana. Walipofunguliwa mlango walikuta mapacha wanaogeshwa kwenye bakuli la supu. Balozi mmoja akasaidia kushika taulo.

Jioni hiyo redio ilitoa tangazo. Kinu, lilisema tangazo, hakikukosea. Kinu kilikuwa kimezeeka kwa heshima. Kingestaafishwa kwa mizinga ishirini na moja na kiinua mgongo. Ikabainishwa pia kwamba hati zenye alama moja zinaweza, katika mazingira maalumu ya kizalendo, kuwa mbili. Kwamba ridhaa ya makumbusho imefutwa. Na kwamba serikali, kwa uamuzi wake yenyewe bila kushauriwa na yeyote, itaijenga upya Zahanati ya Kitopeni. Kuhusu matokeo ya jimbo na udaktari, tangazo lilikatika kupisha muziki.

Mahali pa Kinu kikaletwa Kinu Kipya, chenye kutoa alama ya herufi arobaini. Nane zaidi! Kilipatikana upesi kutoka nchi moja ya ng'ambo ambayo tayari ilikuwa imekiweka nje ya nyumba kingoje gari la taka. Fundi Shebe alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini.

"Hicho nacho walikwisha kukivunja zamani! Vinavyotumika sasa vina herufi sitini na nne."

Aliandika barua ya kumi na mbili. Akajibiwa kwamba herufi sitini na nne ni wazo zuri, ila kisanduku cha alama kwenye fomu mpya kina nafasi arobaini tu, na fomu zimekwisha chapwa.

*

Mashavu hakufungwa. Mwanasheria alijaribu, lakini siku Mashavu alipotia hati mashineni Azimio la Uthabiti lilikuwa bado na nguvu, na kwa Azimio hilo alikuwa ametengeneza hati moja tu, ambayo Waziri aliitia sahihi mbele ya bendi. Basi wakampa adhabu nyingine. Wakamtoa wizarani kwenye kiyoyozi wakampeleka kuwa karani wa kata, Kitopeni, kwenye ofisi yenye dirisha moja na mbuzi wa jirani. Siku ya kuondoka alikitazama Kinu, kimefunikwa shuka, akaona uchungu ambao hakuutarajia. Miaka kumi na tisa ni miaka kumi na tisa.

Hati ya kujenga zahanati mpya ililetwa Kitopeni na Mheshimiwa mwenyewe, imekwisha sagwa, alama yake herufi arobaini. Watu walikusanyika kwenye kiwanja kitupu, juani. Zawena alikuwa mstari wa mbele, mtoto kamlaza begani.

"Ndugu zangu," alisema Mheshimiwa, "alama hii hapa. Wawakilishi waje wabandike vidole, tumalize."

Mkunga Siwatu akasimama. "Isomwe."

"Isomwe nini, mama? Alama ipo."

"Hati. Isomwe yote, kwa sauti, neno kwa neno. Kisha ichapwe mbele yetu, tutie sahihi kila ukurasa kwa wino, nakala moja ikae kwako, moja kwetu, moja msikitini na moja kanisani."

"Ina kurasa ishirini na sita!"

"Sisi leo hatuna safari," alisema Siwatu, na watu wakaanza kukaa chini, wengine wakatandika kanga.

Mheshimiwa alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. Hakumwona. Kiti kilikuwa kimoja, akapewa mama mwenye tumbo. Akakunja suruali yake magotini, akakaa kwenye tofali.

Mashavu akafungua ukurasa wa kwanza. Sauti yake ilianza ndogo, maana wizarani hakuna aliyewahi kumwomba asome kitu. Kufikia ukurasa wa tatu ilikuwa imenyooka. Kwenye ukurasa wa tano alifika mahali palipoandikwa "chumba kimoja cha kujifungulia", na Zawena akasema viwili, na watu wote wakasema viwili, na Mashavu akamgeukia Mheshimiwa na kalamu mkononi, akangoja.

"Viwili," alisema Mheshimiwa kwenye tofali lake.

Mashavu akaandika viwili, akalamba kidole, akafungua ukurasa wa sita.